Mikono Miwili ya Kushoto

Kwenye ukuta wa chumba changu cha kazi, juu ya meza ya kukatia, linaning'inia shati la kiume la buluu iliyopauka. Lina mikono miwili ya kushoto. Wateja huliangalia, huinamisha shingo upande, kisha huliangalia tena. Wenye adabu hunyamaza. Wasio nayo huuliza, nami huwajibu kwamba nilikata vibaya, na ni kweli, halafu nawaambia wakae nichukue vipimo.

Nilikuwa fundi wa mashati kwa miaka ishirini na sita. Sijisifu, nasema tu ilivyokuwa. Matundu ya vifungo niliyashona kwa mkono, yakibana barabara, na kulikuwa na wanaume waliokuwa wakivua koti mbele ya wenzao ili yaonekane. Kisha Jumanne moja asubuhi nilinyoosha mkono wa kulia kuchukua mkasi, mkono ukakataa. Mguu nao ukafuata. Hospitali waliniambia ni kiharusi. Baada ya wiki tano nilirudi nyumbani na mguu unaoburuzika lakini unakwenda, na mkono uliolala pajani kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa akija kila siku saa moja asubuhi kunivalisha. Ni mwanamke wa maneno mengi na moyo safi, na tumetaniana tangu aolewe. "Inua bawa, bibi harusi," alikuwa akisema huku akinipandisha zipu mgongoni. Nilicheka naye. Akishafunga mlango nililia. Niliwavalisha wanaume wa nusu ya mji, na sasa nilisubiri kitandani na gauni la ndani mpaka mtu aje. Nisiseme uongo, nilimchukia siku zile. Zaidi nilichukia mikono yake, namna ilivyomaliza kila kitu haraka.

Mwezi wa nne tangu niugue, kaka alikuja peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaikunjakunja futi kamba yangu bila kunitazama.

"Dada, nimepata mtu wa cherehani. Ni fundi wa sare za shule. Atakichukua pamoja na meza."

"Nani kakwambia nakiuza?"

"Kinapata vumbi, dada. Na wewe unakaa unakitazama."

Hapo alisema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Nilimwambia nitamshonea shati. Likiwa tayari Jumamosi, cherehani hakiendi popote. Lisipokuwa tayari, aje na mtu wake na mkokoteni. Alikubali upesi mno, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani. Kazi ilikuwa kukata. Mikono ya shati hukatwa kwa kukunja kitambaa mara mbili: unapitisha mkasi mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, kila mmoja ukimtazama mwenzake. Lakini kushikilia mkunjo kunataka mkono mmoja, na mkasi unataka mwingine. Kila nilipobana upande huu, ule uliteleza. Mwishowe nikaona bora nikate mmoja mmoja, kitambaa kikiwa kimegandamizwa kwa pasi mbili na kopo la vifungo. Nilikata kwa mkono wa kushoto, kwa mkasi uliotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Cherehani nacho kina gurudumu upande wa kulia, kwa hiyo kila nilipotaka kukianzisha nilijipinda mwili mzima. Siku tatu zilikwisha hivyo.

Ijumaa mchana, nilipokwisha kushona mkono wa pili, nikalitundika shati nilione. Mpasuo wa kifungo pale kwenye kifundo cha mkono, ambao hukaa nyuma, upande wa kidole kidogo, kwa mkono wa kulia ulikuwa mbele, unatazama tumbo. Bega lilikuwa limejikunja. Nilikuwa nimesahau kuigeuza karatasi ya kipimo kabla ya kukata mara ya pili. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kumcheka mtu kwa kosa hilo mpaka akaacha ufundi.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nilikaa sakafuni, na kukaa sakafuni kwangu wakati ule hakukuwa jambo dogo, maana sikujua nitainukaje. Nililia kwa sauti. Niliona wazi mkokoteni mlangoni na meza yangu inatolewa miguu juu.

Sijui kwa nini nililivaa. Nadhani nilitaka kuuona ubaya wake ukiwa mwilini. Niliingiza mkono mgonjwa kwanza, kama alivyonifundisha mtu wa mazoezi hospitalini, kisha ule mzima. Nikautazama mkono wa kulia, umelala pajani na mpasuo wake uko juu, kifungo kinanikodolea macho. Kwenye shati la kawaida kifungo kile kingekuwa chini, mahali ambapo sikuweza kufika bila mtu wa kunigeuzia mkono. Nikakipeleka kifungo tunduni kwa vidole vya kushoto. Mara ya kwanza kilitoka. Mara ya tatu kikaingia.

Nilikifungua nikakifunga tena. Nilifanya hivyo labda mara kumi.

Nikajikokota hadi mezani. Matundu ya mbele, yale ya kubana, yalikuwa hayanipitishii kitu, basi nikachukua wembe nikayapanua moja baada ya jingine, na moyo uliniuma. Mkono wa kushoto nikaung'oa kifungo nikautia lastiki, kwa sababu mkono wa kulia usingeweza kuufunga kamwe. Mashati yangu yote, kwa miaka yote ile, niliyashona nikidhani kila mtu ana mikono miwili.

Wifi alikuwa ametuma habari kwamba Jumamosi angechelewa. Angefuatana na kaka na mnunuzi saa tatu, nimsubiri kitandani. Nilianza kuvaa kulipopambazuka. Walipobisha nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani, na sketi ya lastiki na shati la buluu.

Kaka aliingia wa kwanza. "Hilo si shati langu?"

"Lilikuwa lako."

Akamgeukia mkewe. "Ulimpitia saa ngapi?"

"Sijampitia. Si tumetoka wote nyumbani?"

"Basi nani kamvalisha?"

Wifi aliweka mkoba wake chini taratibu. Fundi wa sare, mwanamume mkimya mwenye pini mbili zilizosahauliwa kwenye kola, alinisogelea.

"Samahani, mama. Huu mkono ni wa kushoto."

"Najua."

Akainama, akakifungua kifungo. Kisha akauweka mkono wake wa kulia mgongoni, akajaribu kukifunga kwa wa kushoto peke yake. Kilifungika. Akasimama akimtazama kaka.

"Mzee, mimi nitatafuta cherehani kingine."

Miaka sita imepita. Yule mtu wa mazoezi wa hospitali aliniletea dereva mmoja wa lori, dereva akamleta mwingine, na sasa nawashonea watu wa kila aina: mkono mmoja, vidole vilivyokakamaa, bega lisiloinuka. Kwanza huwa nawauliza wanakwama wapi. Bega la mkono uliogeuzwa nimeshajua kulikata lisijikunje. Matundu ya kubana sishoni tena.

Lakini nikilitazama lile shati ukutani, siwakumbuki wao. Namkumbuka wifi, Jumatatu iliyofuata. Alikuja saa moja kama kawaida, labda kwa mazoea, labda hakuamini. Nilimwambia akae. Akakaa kitini mbele yangu, nami nikaanza kuvaa, na ilinichukua dakika arobaini. Kifungo cha tatu kilinitoka mara nne, na kila kilipotoka nilisikia pumzi yake ikikatika. Nilipomaliza niliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia.