Shahd Hamjui Babu Yake

Hashil alikuwa stendi kabla hata basi la Dodoma halijafika Segera. Kanzu ameipiga pasi mwenyewe, na mfukoni ana pakiti ya ubuyu, maana hajaona mtoto wa kuukataa ubuyu. Mjukuu wake Shahd alikuwa anakuja.

Mtoto huyo walimlea yeye na mkewe Shemsa, nyumbani kwao Usagara, wakati mama yake, Mayasa, akimalizia masomo ya ukunga. Walimpokea shingo bado haijakaza, wakamrudisha kwa mama yake anakimbia. Hashil ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akamfundisha kusema "maji". Sasa Shahd alikuwa na miaka minne.

Basi lilipofika, Hashil akafungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya baibui la mama yake.

"Msalimie babu," Mayasa akamwambia.

"Shikamoo," akasema Shahd, kama anayemsalimia kondakta.

"Marahaba, mwanangu. Hunijui?"

Shahd akatikisa kichwa. Hakuwa na ubaya, kaulizwa, kajibu.

Nyumbani Hashil hakukata tamaa. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya zamani. "Huyu nani?"

"Mtoto mnene."

Shemsa akacheka hadi akakaa chini. Hashil akampeleka Shahd dirishani. "Hapa ulikuwa unasimama kila asubuhi unamwita paka. Hukumbuki?" Shahd akachungulia nje kwa adabu. Hakumwona paka.

"Amenifuta kama ubao," Hashil akamlalamikia Mayasa.

"Baba, nani anakumbuka umri ule? Wewe kumbukumbu yako ya kwanza ni ipi?"

Hashil akafikiri. "Kaka yangu alipotumbukia kwenye pipa la maji. Nilikuwa na miaka mitano hivi."

"Na kabla ya hapo nani alikuogesha?"

Hashil alijua kwa kuambiwa tu kwamba alilelewa na bibi yake mzaa mama. Sura ya bibi huyo hakuikumbuka hata kidogo, na jambo hilo halikuwahi kumsikitisha mpaka siku ile.

"Sasa yote yale yamekwenda wapi?"

"Chuoni walituambia hayapotei yote," akasema Mayasa. "Ila mtoto hawezi kuyasimulia. Wakati ule maneno yenyewe hakuwa nayo."

Kesho yake Hashil akaacha kuuliza. Shahd alitaka kuwa daktari, basi yeye akawa mgonjwa. Akadungwa sindano ya kijiti cha ufagio, akapewa dawa ya maji na sukari, akakatazwa kuongea. Mchana, joto lilipozidi, akajinyoosha kwenye mkeka barazani. Shahd naye, macho mazito, akaja kulala ubavuni pake bila kuitwa. Mkono wake mdogo ukapanda taratibu shingoni, ukalifikia sikio, ukaishika ndewe, ile nyama laini ya chini, na kuisugua kwa vidole viwili. Mara usingizi ukamchukua.

Hashil akabana pumzi. Hivyo hivyo ndivyo Shahd alivyokuwa akilala zamani, kila siku, kifuani pake.

Mayasa alikuwa amesimama mlangoni. "Kwangu hafanyi hivyo," akanong'ona. "Hajawahi. Na wala sikumwambia mimi."

Machozi yakamtiririka Hashil, yakamwingia sikio la pili. Hakuthubutu kuyafuta, asije akamwamsha.

Shahd alipoamka alimkuta bado hajasogea. "Babu, unalia?"

"Kidogo. Hili sikio langu umewahi kulishika?"

"Sasa hivi."

"Na zamani?"

"Hapana," akasema Shahd, akaomba ubuyu.

Hashil akacheka, akampa pakiti nzima. Hakumuuliza tena. Siku zote zilizobaki alidungwa sindano hadi kijiti kikavunjika, na walipoondoka Shahd ndiye aliyemng'ang'ania stendi.

Wiki kadhaa baadaye simu ikalia kutoka Dodoma, na sauti ya Shahd ikasikika hadi jikoni.

"Babu, unakumbuka ulivyoumwa, nikakudunga sindano, ukalia sana?"

"Nakumbuka!"

"Hukulia kwa sindano wewe," Shemsa akadakia kutoka jikoni.

"Mwache, mama," akasema Hashil, akalisogeza sikio karibu zaidi na simu. "Ehe, mwanangu. Nililia vipi?"