Ukurasa Mmoja Kila Asubuhi

Nakaale alikuwa na miaka mitano alipoanza kuniuliza kama baba yake alifanana na wanaume wa barabarani. Tukipita soko la Lodwar ananivuta leso. "Mama, Baba alikuwa kama yule?" Leo muuza makaa, kesho askari, kesho kutwa padri. Kwa padri nilicheka. Baadaye nikakaa chini nikaogopa. Aukot alikuwa na miezi minane tu kaburini, na tayari mtoto wetu alikuwa akimtafuta kwa kubahatisha.

Picha tuliyokuwa nayo ni ya kitambulisho. Simu yake nzuri ilipotea safarini kabla hajaugua, na yangu ni kabambe, ile ya vibonye tu, haina kamera. Kwenye kitambulisho Aukot ametoa macho kama mwanafunzi anayesubiri kuchapwa. Nakaale aliitazama, akanirudishia.

"Huyu si Baba."

Kila Alhamisi mimi hupeleka samaki wakavu Kakuma, dukani kwa mama mmoja karibu na kambi. Siku moja nilimkuta Thiong, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, akichora katuni kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Ilikuwa ya mbuzi amesimama kwa miguu miwili, ananawa kwato kwa sabuni, amejawa na maringo. Watoto walikuwa wamekwisha kumpa mbuzi huyo jina. Nilingoja Thiong ashuke ngazi, nikamwomba anichoree marehemu mume wangu.

"Mimi nilimwona?" akauliza.

"Hukumwona."

"Sasa nitachora nani? Wewe ulimwona. Wewe utachora."

"Mimi nilimaliza Form Four, lakini hata ramani ya Afrika nilikuwa naichora kama kiazi."

"Kiazi ni mwanzo mzuri. Kichwa ni kiazi."

Akanipa masharti yake hapo hapo, huku akisafisha brashi. Daftari na penseli. Ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya chai, niwe na hamu au nisiwe nayo. Nisifute, nisirarue. Alhamisi nilete aone.

Wiki ya kwanza nilichora duara tu, na mistari ilitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria. Kuna asubuhi nilichora nikiwa nimekasirika, na moja nilichora usingizi umenikaa machoni, ukurasa mzima ukateremka upande wa kushoto. Thiong alizitazama zote bila kusema mbaya wala nzuri, akanipa kazi ya vichwa. Kisha miili. Alisema kila mtu ana umbo moja kubwa, kama kibuyu au debe au yai, na ukilipata hilo unaweza kumchora mara kumi, akikimbia, akilala, akigombana, na bado awe yeye yule.

Nilifanyia mazoezi kwa jirani yangu Ajok. Alinikuta na picha yake.

"Namuria, mimi ni mtungi wa maji?"

"Ni katuni tu."

"Mtungi wa lita ishirini?"

"Wa kumi."

"Afadhali." Akaurarua ukurasa mwenyewe, akaenda kuubandika mlangoni pake, na jioni alikuwa akiwaita wapita njia waje waone.

Aukot ndiye aliyekataa kuchorika. Nilianza na pua yake, au midomo, au kovu lile juu ya jicho, na kila asubuhi alitokea mtu nisiyemjua. Thiong alifunua ukurasa mmoja.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu."

Akafunua mwingine. "Na huyu?"

"Ni yeye pia."

"Mama, wewe iko na waume wengi."

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka, nikalia pale ukutani kando ya mbuzi wake wa sabuni. Thiong aliendelea kukoroga rangi ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilipotulia akasema, "Kalas, basi. Hapo mimi siwezi kukufundisha. Uliza mtu alimjua kabla yako."

Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kutoka Lokori kututembelea. Tangu mazishi hatukuwa tumemtaja mwanawe pamoja. Tulizungumza juu ya mvua na bei ya sukari. Nilikaa siku mbili kabla ya kumpa daftari. Alifunua kurasa polepole, akigusa kila uso kwa kidole.

"Mwanangu hakuwa na macho makubwa hivi."

"Ni picha za kuchekesha, Mama."

"Hazichekeshi." Akafunga daftari. "Mbuzi wangu akiwa ng'ambo ya laga, mto wote mkavu uko kati yetu, mimi naona pua yake?"

"Huwezi."

"Sasa namjuaje ni wangu?"

Mimi nimekulia mjini, na mbuzi kwangu ni mbuzi.

"Kwa vile anasimama," akasema. "Na mtu ni hivyo hivyo."

Akainuka. Alichukua fimbo yake akailaza mabegani nyuma ya shingo, akatundika mikono yote miwili juu yake. Halafu akapandisha mguu wa kulia, wayo ukatulia kwenye goti la kushoto. Shanga zake zilitikisika kidogo, kisha zikanyamaza. Nami nilimwona Aukot. Hivyo ndivyo alivyosimama kando ya lori alilofanyia kazi wakati linapakiwa, akiwa na suruali ya kazi, juu ya lami, kama bado ana mifugo mbele yake.

"Mama, utaanguka."

"Chora, basi. Kwa nini unaniangalia?"

Umbo la Aukot lilikuwa namba nne. Mwili wote, namba nne yenye fimbo juu. Nilimchora asubuhi ile, na kila asubuhi baada yake kwa siku tisa, kichwa kikiwa kiazi kidogo bila macho wala mdomo. Mara zote kumi alikuwa mtu mmoja. Lakini sikumwonyesha Nakaale. Kama angesema huyu si Baba, sikuwa na kitu kingine cha kujaribu.

Siku ya kumi nilikwenda kuipua chai nikaacha daftari wazi kwenye mkeka. Niliporudi, Nakaale alikuwa amechuchumaa juu yake.

"Baba anangoja lori lijae," akasema.

Hakuuliza. Alikuwa ananieleza tu, kama mimi ndiye nisiyejua. Niliweka sufuria chini.

"Lakini umekosea," akasema tena.

"Wapi?"

"Akala yake ya tairi. Haikuwa imevaliwa vizuri hivi. Ilikuwa inaning'inia kwa kidole cha mguu, anaitikisa hivi, mimi naruka kuishika. Akiona karibu nashika, anainua mguu." Akacheka peke yake, akachukua penseli, akachora kitu kama mhogo kikining'inia kwenye goti la baba yake.

Nilimtazama mama mkwe. Akatikisa kichwa, naye hakulijua hilo. Mimi niliishi na Aukot miaka minane, na siku zote nilikuwa upande wa pili wa lori, nikiwaita yeye na Nakaale waje kula.

Alhamisi nilimpelekea Thiong. Alizitazama kurasa kumi bila haraka.

"Sasa ni mume mmoja," akasema. Akaweka kidole juu ya ule mhogo. "Na hii akala? Hii si mkono wako."

"Ni ya binti yangu."

"Umefuta chini yake?"

"Sikufuta."

"Vizuri. Mpe daftari yake."

Nilimnunulia siku hiyo hiyo. Siku hizi tunachora pamoja kabla ya chai, na yeye ndiye anayepanga. Kesho Baba anakula. Nimeshamuuliza alikuwa anashika vipi kipande cha nyama, akanionyesha.