Seli za Odalys

Odalys alipokuwa akikata roho katika hospitali moja ya San Diego, dada yake Marisela alimshika mkono, akaubana, akaubana tena. Odalys hakuonyesha kuhisi lolote.

Lakini kabla ya hapo alikuwa ametoa kipande cha ngozi yake kwa ajili ya utafiti, na seli zake ziliendelea kuishi katika maabara alimofanya kazi Marisela. Ilipita miezi kabla Marisela hajathubutu kuzitoa kwenye jokofu. Asubuhi alipozitoa, alizitia rangi inayong'aa kijani seli inapohisi mguso, kisha akazidondoshea Yoda1, dawa iliyoundwa na wanasayansi ili kufungua vijilango vya seli vinavyohisi mguso, hata pasipo kitu cha kuzigusa. Chini ya darubini seli zikawaka kijani, moja baada ya nyingine, kama zimebanwa na kidole.

Marisela akajikuta amerudi nyuma.

"Vipi, zimekufa?" akauliza Glenn, mkuu wake.

"Zinadhani kuna mtu anazigusa."

"Si ndiyo kazi ya dawa hiyo, bibie?"

"Najua. Ila nimeshazisuuza, na bado zinawaka."

Glenn akachungulia kwenye darubini. "Hukusuuza vizuri. Nenda nyumbani kapumzike, hizi nitampa mtu mwingine."

"Aziguse nani? Huyu ni mdogo wangu, Glenn."

Akavuta kiti, akakaa kuzitazama mpaka mwanga wa mwisho ulipofifia. Utafiti ule aliumaliza mwenyewe. Ila tangu siku hiyo hakufungua chombo cha seli zile bila kwanza kugonga meza taratibu, kama mtu anayepiga hodi.