Mlinzi Asiye na Kasoro

"Simama kama unavyosimama siku zote," fundi cherehani alimwambia mteja, chaki mkononi. Mteja, mwalimu mnene mwenye aibu, alikuwa amevuta tumbo ndani na kuinua mabega kama askari wa gwaride. Fundi alingoja. Mtu hazuii pumzi milele. Tumbo likarudi mahali pake, bega la kushoto likashuka, naye akapima haraka kabla mwalimu hajajikaza tena.

Alipobaki peke yake akachukua simu. Ujumbe wa binti yake ulikuwa palepale: Mama, jioni wanamtoa mlinzi wako.

Mlinzi huyo alikuwa mtu wa kubuni. Binti, aliyeolewa mbali, alikuwa katika kundi la watu waliojenga mji mzima ndani ya simu. Kila mmoja alichukua mkazi mmoja, akamwandikia maneno na matendo, na wenzake wakamjibu. Baada ya msiba wa baba yake alimwingiza mama yake, asije akabaki anaongea na cherehani tu. Binti alikuwa mwokaji mikate. Mama akawa mlinzi wa lango, na bila kumwambia mtu akampa mlinzi huyo kikohozi cha marehemu mumewe na tabia yake ya kumwita kila mtu "mkubwa".

Tatizo ni kwamba marehemu hasemwi vibaya. Basi mlinzi hakukasirika, hakulala, hakuchelewa. Alizima moto kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba yatima. Mwanzoni watu walimsifu. Kisha wakawa wanapita langoni bila hata salamu, maana na malaika utaongea nini? Kiongozi wa kundi, mtu asiyepindisha maneno, akatangaza kwamba mkazi asiyejibiwa na yeyote anaondolewa. Fundi alishamzika mumewe mara moja. Mara ya pili asingeiweza.

Alimpigia binti. "Nimfanye nini, mlevi? Mwizi?"

"Hapana, Mama. Kasoro ndogo tu. Ya mtu unayemjua."

Hilo ndilo alilokuwa akilikwepa. Alitandaza kitambaa cha koti, akachora bega la kushoto chini kidogo ya la kulia, na mkono ukasita. Mumewe alikuwa mchelewaji wa kupindukia. Miaka nenda miaka rudi fundi alimngoja hapa dukani na njaa yake, chakula kikiletwa na mtu anayeapa kwenye simu kwamba yuko njiani, kumbe hata viatu hajavaa. Waligombana sana kwa hilo. Leo angetoa chochote ili amngoje tena.

Jioni mwokaji alifika langoni na mkokoteni, akakuta pamefungwa. Mvua inanyesha, aliandika, na mikate inalowa. Akaita. Wengine wakajua mlinzi atatokea palepale, kama kawaida yake.

"Niko njiani, mkubwa," fundi aliandika. Akaongeza kwamba mlinzi alisema hivyo akiwa amekaa kitandani, chai bado nusu, kiatu mguu mmoja.

Kundi zima likamjia juu. Muuza kuni alimwita mwongo. Mganga alitishia kuruka ukuta. Hata kiongozi akauliza huyu analipwa mshahara wa nini. Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka, nayo yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha.

Mwokaji ndiye aliyekawia. Ilionekana anaandika, anaacha, anaandika tena. Hatimaye:

"Kile kingine kiko chini ya kitanda, mkubwa. Kama siku zote."

Enzi za utoto, ni binti aliyekuwa akitumwa kuingia huko kukitafuta kiatu cha baba yake.

Fundi alifuta miwani kwa pindo la gauni lake. Hakuwa na haraka ya kujibu. Mjini mvua ilizidi, watu wakinung'unika nje ya lango, na mlinzi akainama taratibu kutafuta kiatu chake.