Mizunguko Mitatu na Nusu

Mukai hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa kabureta alikuwa na maringo. Katika kiwanja chake pale Kawangware, kila gari la zamani lilitoka kwa mtihani mmoja. Alijaza chai ya rangi kwenye glasi, akaiweka juu ya injini inayonguruma, na chai isipotikisika, mwenye gari alipewa ainywe. Mtihani huo aliurithi kwa marehemu baba yake, Mutuku, na kwa miaka ishirini na sita hakuna gari lililowahi kuondoka pale likimwaga chai.

Ijumaa hiyo zamu ilikuwa ya Pijo 504 ya marehemu Oyoo. Ilikuwa imekaa miaka minne bila kuwashwa, tangu mwenyewe azikwe, mpaka mwanawe Tonny, mkazi wa Nyayo Highrise, alipoivuta hadi kwa Mukai. Mukai aliifungua kabureta yote, akaiosha kwa petroli, akatia raba mpya. Kabla ya kuitoa ile skurubu ndogo inayopima petroli na hewa gari likiwa limesimama, aliikaza kwanza huku akihesabu mizunguko, kama alivyofundishwa, akaandika ukutani kwa chaki: tatu na nusu. Alicheka peke yake. Fundi gani huyo aliyeilegeza hivyo, alikuwa amelewa? Yeye aliilegeza mzunguko mmoja na nusu tu, na chai ikatulia tuli glasini.

Ndipo Tonny akamleta mama yake, Risper, kutoka kwake Kambi Muru. Kesho yake walikuwa wasafiri kwenda Ugenya, kwao mzee, kwa kumbukumbu yake, na mama alikuwa ameapa kwamba atafika kwa gari la mumewe, au asifike kabisa. Macho yake siku hizi hayakuona ila vivuli. Wakamkalisha kiti cha mbele, mkoba mapajani, na Mukai akawasha injini, glasi ya chai ikiwa juu yake.

Mama alisikiliza kidogo, kisha akaanza kupapasa akitafuta kitasa cha mlango.

"Hii si gari ya Baba Tonny."

"Mathe, ni yenyewe! Angalia hata namba!"

"Nitaangalia na nini? Umeuza gari ya baba yako, Tonny, ukaenda kukopa ya wenyewe unidanganye. Nitoe hapa nirudi kwangu. Ugenya mtaenda nyinyi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka ule wa msiba Tonny aliuza redio ya baba yake, akamwambia mama iko kwa fundi, na fundi huyo hajamaliza kuitengeneza mpaka leo. Sasa jitu zima la miaka arobaini na kitu lilisimama pale karibu kulia. Leo alikuwa anasema kweli, na mama hakumwamini.

Mukai aliwaonea huruma wote wawili, lakini zaidi yule mama, ambaye angekosa kufika kaburini kwa sababu ya kabureta iliyotengenezwa vizuri. Akachutama kando ya mlango.

"Mama, gari ya mzee ilikuwa inasikika aje?"

"Nyathina, mwanangu, hiyo ulikuwa unasikia na mgongo! Inatetemeka kiti yote. Inakohoa, inanuka petroli mpaka nguo ya kanisa. Akiwa bado kule barabarani mimi najua amefika, naweka maji ya ugali kwa moto. Nilimwambia kila siku atafute fundi, akakataa. Fundi wake ni mmoja tu, wa Kisumu. Hapa Nairobi hakuna mtu alikubaliwa kuigusa."

Kisumu! Mukai aligeuka akautazama ukuta wenye chaki. Kumbe fundi wa watu hakuwa mlevi. Aliipima skurubu kwa hewa ya kule chini ziwani, ambayo ni nzito. Huku Nairobi juu hewa ni nyepesi, na petroli ileile ikawa nyingi kupita kiasi. Oyoo akaendesha hivyo miaka yote, gari likikohoa, kwa ukaidi wake tu.

Mukai alichukua bisibisi. Nisiseme uongo, moyo ulimuuma. Kuharibu kazi safi kwa mkono wake mwenyewe, tena mbele ya Wekulo, mpaka rangi wa kiwanja jirani, aliyekuwa akiingoja siku hii kwa hamu! Akapiga moyo konde, akaanza kuilegeza skurubu. Mzunguko wa pili, injini ikabadili sauti. Wa tatu, ikaanza kukohoa, na glasi ikatembea juu ya injini, chai ikimmwagikia vidole.

"Fundi, leo chai imekushinda!" Wekulo akapiga kelele.

"Wewe nyamaza," alisema Mukai, akamalizia ile nusu.

Gari lote likatetemeka. Harufu ya petroli ikajaa ndani. Mkono wa mama ukaacha kitasa, ukapanda taratibu hadi kwenye dashibodi, ukatulia pale ukitikisika pamoja nayo.

"Oyoo," alisema. Hakusema Baba Tonny. Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta.

Glasi ilibaki na mafunda mawili. Mukai akaipangusa kwa aproni, akamwekea mama mkononi, kwa maana mwenye gari ndiye hunywa. Kisha akamgeukia Tonny. "Usiiguse hiyo skurubu, na mtu mwingine asiiguse. Itawasumbua mpaka mvuke milima ya Mau. Mkianza kuteremkia Kisumu, itatulia yenyewe."

Macho ya mama yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yalikuwa mazima. Alimaliza chai, akarudisha glasi.

"Hata yeye alikuwa hivyo," alisema. "Hapa Nairobi ni kukohoa na kugombana na watu. Akifika kwao, anatulia."