Usukani wa Asteria

Jumamosi mchana kibandani kwangu hatufanyi kazi, tunapiga soga. Kibanda changu cha baiskeli kiko nyuma ya stendi ya Same, ubavuni mwa duka la vipuri la Yahaya, na wapenda baiskeli wa mji huu wakishamaliza mzunguko wao wa asubuhi huja kukalia benchi langu, wakanywa chai ya tangawizi na kubishana mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mimi huwa nawanunia. Benchi natoa, chai natoa, na kununa nanuna. Asiyependa akatafute fundi mwingine.

Siku hiyo tulikuwa watatu. Mimi Hezroni, miaka sitini na mmoja, nimeshika spana tangu nina kumi na tisa. Yahaya, rafiki yangu, mtu wa tambarare ambaye hajawahi kuutazama mlima bila kuvuta pumzi. Na Faraja, kijana wa ofisi ya maji, anayevaa kaptula ya kubana kama waendesha baiskeli wa kwenye televisheni na haoni haya kupita nayo sokoni.

Mwenzetu wa nne, mwalimu Asteria, alikuwa Mhezi, juu milimani, kwa mama yake. Alipanda na gari la asubuhi, baiskeli juu ya keria, ili mchana ateremke nayo. Ndivyo tunavyofanya sisi wote, ukimtoa Yahaya. Kupanda tunamwachia dereva, kuteremka ndiyo starehe yetu.

"Juzi niliingia duka moja la baiskeli Moshi," Faraja akasema. "Wameiweka baiskeli ndani ya kioo, taa juu yake, kama keki ya harusi. Nikamuuliza muuzaji ina gia ngapi. Akasema, ngoja nikaulize."

"Na wewe ukanunua," Yahaya akasema.

"Nilinunua soksi."

"Soksi! Umetoka Same mpaka Moshi kufuata soksi!"

"Ni soksi za kuendeshea, mzee."

"Kwani miguu inajua?"

Hata mimi nilicheka, ingawa niligeukia ukutani wasinione. Yahaya akaanza habari za sukari yake. Daktari alimwambia afanye mazoezi, naye akajibu kwamba anaendesha baiskeli kila siku. Daktari akamuuliza anaendesha mpaka wapi. Akasema mpaka msikitini. Kumbe daktari mwenyewe anaswali hapo hapo. "Yahaya," akamwambia, "kutoka mlango wako mpaka msikitini, hata kobe hatoki jasho."

Upepo wa Same ulikuwa unapiga mabati kama kawaida yake. Faraja akajimiminia chai nyingine, akatusimulia mashindano aliyokwenda kutazama. Jamaa mmoja anaongoza, watu wanamshangilia, anaingia kwenye kona, usukani ukamzungukia mikononi.

"Usukani unaelekea Moshi," Faraja akasema, akiwa amekunja mikono kuonyesha, "gurudumu linaelekea Tanga!"

Yahaya alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilianza kucheka nao, halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Asubuhi ile mimi ndiye niliyepandisha baiskeli ya Asteria kwenye gari. Baiskeli ikipandishwa juu ya keria unalegeza nati ya usukani, unaupinda usukani ulale sambamba na fremu, ndipo inalala vizuri. Ukishaupinda huugusi tena. Mwenye baiskeli akifika mlimani anauona umepinda, anajua hapa kuna nati imelegea, anatoa spana yake, ananyoosha na kukaza. Hakuna mtu mwenye akili anayepanda baiskeli iliyopinda usukani, kwa hiyo huhitaji kumwambia neno.

Lakini asubuhi ile konda aliniharibia. Nilikuwa nimeshaupinda, akasema baiskeli haitalala, itasimama katikati ya magunia ya unga, na usukani uliopinda utamchania turubai. Ninyooshe. Nikaunyoosha.

Je, niliukaza?

Niliutafuta mkono wangu kwenye kumbukumbu, nikauona umeshika usukani. Nikamwona konda anapiga mluzi. Nikaiona spana ya L mfukoni mwangu nilipokuwa narudi kibandani. Katikati ya hayo hapakuwa na kitu. Niliogopa, nasema wazi.  Usukani ulionyooka bila kukazwa ni mtego. Kwenye tambarare utakubeba, utakwenda kuonana na mama yako na kurudi. Kwenye mteremko, ukibana breki na kuulalia kwa uzito wako wote, ndipo unakuacha. Na barabara ya kutoka Mhezi ina kona ambazo upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni vilele vya miti iliyoota bondeni.

Nikatazama saa. Saa nane na dakika tano. Asteria alisema atakula makande ya mama yake na saa nane ataondoka.

Ningesema pale pale. Mtu mwema angesema pale pale. Lakini siku tatu nyuma, kwenye benchi hilo hilo, nilikuta nati ya gurudumu la Faraja imelegea, nikamsuta mbele ya watu mpaka akainamisha kichwa. Nilimwita muuaji. Leo nimwambie nini? Nikachukua simu, nikajifanya naangalia salio, nikampigia Asteria. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Yahaya alikuwa amehamia kwenye bei za matairi, na mimi niliitikia "eeh, eeh". Dakika kumi nzima nililinda heshima yangu, na mwenzangu yuko kwenye mteremko. Jambo hilo mpaka leo linaniamsha.

"Hezroni, unaumwa?" Yahaya akauliza. "Umekuwa rangi ya majivu."

"Sikumbuki kama nilikaza usukani wa Asteria," nikasema.

Hawakunicheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Faraja aliweka kikombe chini taratibu, na Yahaya akawa ameshatoa simu yake. Alikuwa na namba ya mama yake Asteria, mama Beatha, kwa sababu hununua kwake maharage.

"Shikamoo mama. Yahaya hapa wa Same. Mwalimu bado yupo?"

Sauti ya mama Beatha tuliisikia wote. "Ameondoka sasa hivi, baba, hata robo saa haijafika. Kuna nini?"

Yahaya alinitazama. "Hakuna kitu, mama. Nilitaka aniletee parachichi."

"Parachichi ninazo nyingi! Mbona hamkusema mapema?"

Akakata simu. Faraja alikuwa ameshawasha pikipiki yake. Nikapanda nyuma.

Sitaisimulia njia yote. Tuliacha vumbi la tambarare, tukaingia penye ubaridi na migomba. Kila kona nilinyoosha shingo kabla ya pikipiki kufika. Sikutazama barabara, nilitazama pembezoni, kwenye majani, kama yamelala au yamesimama. Niliomba. Mimi ni Mlutheri wa kuimba kwaya, najua sala nyingi nzuri, lakini siku ile nilikuwa na moja tu: nisimkute, nisimkute, nisimkute. Halafu nikaogopa hata sala yenyewe, kwa maana nisipomkuta barabarani atakuwa wapi?

Tulimpita mama mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe. Faraja akapunguza mwendo.

"Shikamoo mama. Umemwona mwalimu wa baiskeli?"

"Huwa namwona Jumamosi," akasema. "Leo bado."

Kona mbili mbele tuliiona baiskeli. Imelala chini, ukingoni, upande wa miti. Gurudumu la mbele liko juu. Mtu hayupo.

Niliruka pikipiki ikiwa bado inakwenda, nikaanguka kwa magoti, nikainuka. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nilifika ukingoni, nikatazama chini, sikuona kitu ila majani.

"Shikamoo fundi."

Alikuwa nyuma yetu, upande wa mlima, panapotiririka kijito. Ameinama ananawa mikono, imejaa grisi mpaka viwikoni.

"Marahaba," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, mazoea tu. Halafu nikakaa chini, barabarani, katikati ya njia.

"Mnyororo ulinichomoka," Asteria akasema. "Nimeurudisha. Nyie mmefuata nini huku?"

Faraja akamweleza. Asteria alisikiliza huku akijifutia kanga ya kichwani. Mimi niliinuka, nikaushika usukani wake, nikauminya huku na huku. Ulikuwa imara. Haukucheza hata kidogo.

"Nilikaza," nikasema, na nilitaka kulia kwa furaha. "Kumbe nilikaza!"

Asteria hakufurahi pamoja nami. Alimtazama Faraja, akatazama chini.

"Nimekaza mimi, fundi. Nyumbani kwa mama, kabla ya kuondoka."

"Kwa hiyo nilisahau."

"Hukusahau. Nilikuwa nyuma yako pale stendi, nilikuona. Uliitia nati spana, ukasukuma mpaka ukauma meno. Uliikaza kwa nguvu zako zote." Akaionyesha nati kwa kidole. "Nilipofika juu nikaizungusha kwa vidole viwili."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia kwa ukali, ile sauti yangu ya kibandani. Yeye akangoja nimalize, kama anavyowangoja wanafunzi wake.

"Tangu mwezi wa sita, fundi, kila unachonifungia nakifunga tena. Pedeli. Gurudumu la nyuma. Mwanzo nilidhani ni bahati mbaya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni sawa na baba yangu. Na wewe, fundi, huambiwi. Mtu akikuuliza bei tu unamfokea. Nilikuogopa."

Faraja alikuwa anachezea kamba za kofia yake. "Hata mimi," akasema. "Ile nati ya gurudumu, ile uliyoniitia muuaji. Ulikuwa umeifunga wewe siku moja kabla. Nilikaa kimya."

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Tangu mvua za masika vidole vya kati vimekufa ganzi, na asubuhi mke wangu ndiye anayenifunga vifungo vya shati. Nilimwambia ni baridi. Baridi, Same! Naye akaniitikia, kwa sababu hata yeye ameshanizoea. Nilikuwa nasukuma spana, nasikia uchungu begani, nadhani uchungu ni kukaza. Nikaushika usukani wa Asteria tena, safari hii kwa mkono wa kulia peke yake, nikaminya kwa kila nilichonacho. Sikusikia chuma. Ni kama nimeshika ukili wa mkeka.

Wale wawili walidhani mambo yamekwisha. Asteria akaanza kusema twende polepole, atatangulia, tumfuate na pikipiki. Faraja akasema leo chai ni juu yake. Mimi nilikuwa nahesabu. Asteria ana spana yake na ana akili ya kukagua. Nani mwingine anakagua? Jumatatu nilimfungia nesi wa Gonja gurudumu la mbele. Jumatano, Mchungaji, pedeli. Alhamisi, Loth wa Myamba, breki zote mbili, mbele na nyuma, na Loth kila Jumamosi hupakia mikungu miwili ya ndizi kwenye keria na kuteremka nayo sokoni. Ndizi za mikungu miwili na mzee wa miaka hamsini na nane juu ya breki zangu.

"Leo Jumamosi," nikasema.

"Ndiyo, fundi," Asteria akasema.

Simu yangu ilikuwa na mtandao mwembamba, unakuja na kutoka. Nilipanda kwenye jiwe. Mkono wa kulia ukaidondosha simu, nikaiokota kwa wa kushoto. Iliita mpaka nikaanza kukata tamaa. Ikapokewa, na nikasikia upepo.

"Hezroni! Habari za Same? Mama watoto hajambo? Na wajukuu?"

"Loth, uko wapi?"

"We, hata salamu hujibu? Wa kwangu wote wazima. Niko hapa juu, nimeshapakia, nilikuwa nataka kujiachia mteremkoni ndipo ukapiga."

"Shuka kwenye baiskeli."

"Nini?"

"Shuka. Weka miguu chini, ilaze, usiiguse."

"Kuna nini, Hezroni? Mbona unanitisha?"

"Breki zako hazifai."

Akacheka, kicheko cha mtu anayemfahamu rafiki yake. "Acha utani. Hizi? Ni za Alhamisi hizi!"

Asteria na Faraja walikuwa wamesimama chini ya jiwe, wananitazama.

"Najua ni za Alhamisi," nikasema. "Nilizifunga mimi. Ndiyo maana nakwambia shuka."