Kumbukumbu za Bi Asali

Pale kwenye bohari ya vitabu vya shule, katibu walimwita Bi Asali, na jina lilimfaa. Kila Jumatatu kwenye kikao wafanyakazi walitoa ya moyoni, naye akayaandika baada ya kuyang'oa miiba. Dereva akipiga meza, "Gari lile halina breki, bosi, mtatuua!", Bi Asali huandika: "Dereva alikumbusha umuhimu wa mwendo wa pole." Mtunza bohari alipolia kwamba panya wamemaliza vitabu vya darasa la tatu, kumbukumbu zilisema vitabu hivyo vinapendwa sana. Meneja akasoma, akatabasamu, zikaenda makao makuu. Panya nao wakaendelea na masomo.

"Hasira hasara," Bi Asali aliwaambia wenzake. "Kazini mtu husema kwa adabu." Aliamini hivyo kwa dhati, kwa kuwa hakuwahi kuwa na lake la kusema.

Siku moja naye likamfika lake. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, yuko mji wa mbali, mume kasafiri, na zimebaki wiki mbili ajifungue. "Mama, naogopa," alisema kwenye simu. "Utakuja?" Bi Asali akaomba likizo, ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka mitatu. Aliiomba kwa ufundi wake wote: "iwapo haitaleta usumbufu", "kwa nafasi yenu". Meneja akaipeleka juu.

Jibu lilichukua siku tisa. "Tumepitia kumbukumbu zenu za miaka mitatu. Hakuna panapoonyesha kwamba katibu amechoka au kazi imemzidi. Kituo chenu kina furaha tele. Asubiri mwakani." Waliambatisha na nakala za kumbukumbu hizo, kila ukurasa una saini ya Bi Asali.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bi Asali alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe.

Jumatatu kikaoni hakungoja zamu yake.

"Bosi, mmenidhulumu. Na mimi nimewadhulumu hawa, miaka mitatu nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Gari halina breki! Panya wako wamesoma kuliko wajukuu wetu! Mwanangu anajifungua wiki hii, na mimi naondoka leo. Mkitaka, nifukuzeni."

Dereva aliinua mikono apige makofi, akaona macho ya meneja, akajikuna kichwa. Meneja alilegeza tai, akainama, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, tumekusikia, pole sana. Sasa hayo tutayaandikaje? Hebu tafuta maneno mazuri, kama kawaida yako."

Bi Asali alilisukuma daftari mpaka kifuani pa meneja, akaweka kalamu juu, akachukua mkoba.

"Tafuta wewe, bosi. Mimi yameniishia."